Ndugu wa Nne

Dmitri Karamazov ana mchi wa shaba mfukoni. Ameunyakua kwenye kinu kidogo jikoni mwa watu, bila kujiuliza ataufanyia nini, na sasa anatembea gizani kando ya ua wa nyumba ya baba yake akitafuta mahali pa kuparamia. Anapapata. Ni palepale alipopandia, miaka ishirini na kitu nyuma, mwanamke mmoja mjamzito, asiye na akili timamu, asiye na viatu miguuni wala kwao pa kwenda. Mwanamke huyo alitua bustanini, akajikokota hadi kwenye bafu la nje, akajifungua mtoto wa kiume na kukata roho kukipambazuka. Dmitri anaijua habari hiyo, kama mji mzima unavyoijua. Anajiambia kwamba ikiwa yule aliweza, yeye atashindwaje. Anapanda, anatua upande wa pili, anajibanza vichakani na kulikazia macho dirisha la baba yake lenye mwanga.

Kabla hakujakucha, mzee Fyodor Pavlovich Karamazov atakutwa sakafuni, kichwa kimepondwa, na chumbani humo bahasha iliyochanwa. Ndani yake mlikuwa na ruble 3,000. Sasa haina kitu.

Riwaya hii ya Fyodor Dostoevsky, ambayo kwa Kiswahili naiita Ndugu Karamazov, ilianza kutoka kwa mfululizo katika jarida la Russky Vestnik mwezi Januari 1879 ikamalizika Novemba 1880. Miezi michache baadaye mwandishi alifariki. Nimeisoma mara tatu, kila mara katika umri tofauti. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto wa baba yangu tu, mara ya mwisho nilikuwa tayari na watoto wangu. Nitamtaja muuaji sasa hivi, ili anayependa kukisia mwenyewe apate nafasi ya kuliweka gazeti kando. Muuaji ni Smerdyakov, mpishi.

Dostoevsky hakumficha. Anatuwekea Smerdyakov mbele ya macho tangu mapema: jikoni na mchuzi wake wa samaki, mezani na kahawa, kwenye benchi la getini jioni, amevaa viatu vya ngozi alivyovisugua kwa dawa ya Kiingereza mpaka vinang'aa kama kioo. Tunamwona kila mahali na bado hatumshuku. Niliposoma mara ya kwanza nilishtuka kwamba ni yeye. Mara ya pili nilijishangaa kwa nini nilishtuka. Jibu nililipata mara ya tatu, nalo ni dogo na linauma: sikumshuku kwa sababu sikumhesabu.

Kiswahili kina namna yake ya kuwahesabu watoto wa mwanamume mmoja. Tunauliza, ni wa tumbo lipi? Basi tuwahesabu. Tumbo la kwanza ni la Adelaida Ivanovna, binti wa watu wenye mali, aliyechoshwa na mume akatoroka na mwalimu maskini, akamwacha Dmitri ana miaka mitatu. Tumbo la pili ni la Sofya Ivanovna, yatima mpole aliyeolewa akiwa na miaka 16, akazaa Ivan kisha Alyosha, akaugua kwa mateso ya nyumba ile na kufa. Tumbo la tatu ni la Lizaveta, yule aliyepanda ua. Watoto wanne, matumbo matatu, baba mmoja.

Baba mmoja, lakini kwa uvumi. Riwaya haithibitishi, na hapo ndipo ilipo nguvu yake. Tunasimuliwa kwamba usiku mmoja wa joto, Fyodor Pavlovich na walevi wenzake walimkuta Lizaveta amelala kando ya njia. Mmoja akauliza kwa kejeli kama yupo mwanamume anayeweza kukiona kiumbe kile kuwa ni mwanamke, na mzee Karamazov akasema yeye anaweza. Wenzake wakacheka wakaenda zao. Miezi ikapita, tumbo likaonekana. Wapo waliomtaja mfungwa mmoja mtoro. Fyodor Pavlovich alikana kwa nguvu zake zote. Mtoto akabatizwa Pavel, watu wakamwita Fyodorovich, yaani mwana wa Fyodor, na mzee akaliacha jina likae kwa sababu lilimchekesha. La ukoo alilitunga yeye mwenyewe kutokana na jina la utani la mama wa mtoto, ambalo kwa Kirusi lina maana ya mwenye kunuka. Huyo ndiye Smerdyakov. Alipewa jina la baba kwa mzaha na jina la ukoo kwa tusi.

Waliomlea ni Grigory, mtumishi wa nyumba, na mkewe Marfa. Walikuwa wametoka siku hiyohiyo kumzika mtoto wao wa pekee, kichanga mwenye vidole sita, na usiku ule Marfa akaamka akisikia sauti ya mtoto analia bustanini. Grigory alikuwa mwaminifu mpaka mifupani, lakini moyo wake ulikuwa mgumu. Kijana alipokuwa akikua alimwambia usoni kwamba yeye si mtu, ameota kwenye unyevunyevu wa bafu. Alipofika miaka 12, siku moja wakisoma Biblia, kijana akauliza mwanga wa siku ya kwanza ulitoka wapi ikiwa jua liliumbwa siku ya nne. Grigory akamzaba kofi. Wiki moja baadaye kifafa kikaanza. Mzee Karamazov alipoona kijana ana ulimi wa kuchagua chakula, akampeleka Moscow kujifunza upishi. Alirudi amezeeka kabla ya wakati, ana uso mkavu, mikono safi, hana rafiki hata mmoja.

Na umri wake ni miaka 24, sawa na Ivan. Hirimu moja. Mmoja amesoma chuo kikuu na kuandika makala magazetini, mwingine anamletea kahawa.

Ukishakubali kumhesabu Smerdyakov, riwaya nzima inabadilika mikononi mwako. Mzee Zosima wa monasteri, anayemlea Alyosha kiroho, anamtuma kijana akae karibu na ndugu zake kwa sababu ameona balaa linakuja. Alyosha, mpole kuliko wote, anakwenda. Anakimbia kwa Dmitri, anakaa na Ivan hotelini, anabeba ujumbe huku na huko siku nzima. Anapomkuta Smerdyakov kwenye bustani ya jirani anamuuliza jambo moja tu: Dmitri yuko wapi? Smerdyakov anamjibu kwamba yeye hakuwekwa kumlinda Dmitri. Msomaji wa Biblia anajua nani aliwahi kusema maneno ya namna hiyo, na alikuwa amemfanya nini ndugu yake. Hata Alyosha, ambaye moyo wake unamtosha kila mtu, hakuona kwamba hapo mbele yake alikuwapo ndugu mwingine wa kukaa naye karibu. Kwangu hilo ndilo jambo la kuhuzunisha kuliko yote katika kitabu hiki, na Dostoevsky halisemi popote. Anatuachia tulione.

Halafu kuna hesabu za mirathi. Dmitri na baba yake wamegombana kwa muda mrefu juu ya mali ya mama, na sasa wanamgombania pia mwanamke mmoja, Grushenka. Mzee amemwekea Grushenka zile ruble 3,000 ndani ya bahasha, akaifunga kwa utepe. Akimwoa, kila kitu kitakuwa cha mke. Akifa kabla ya kuoa, wanawe watarithi. Smerdyakov ndiye anayempigia Ivan hesabu hiyo, getini, kwa sauti yake ya taratibu: kila mmoja wenu watatu atapata kama ruble 40,000. Baadaye anaongeza kwamba Dmitri akihukumiwa kwa mauaji atapoteza haki yake, kwa hiyo wawili waliobaki watapata 60,000 kila mmoja.

Soma tena. Anagawanya kwa tatu. Mwana wa nne, akiipigia hesabu mali ya baba yake, anagawanya kwa tatu. Sheria ya Urusi ya wakati ule haikumpa mtoto wa nje ya ndoa jina wala urithi wa baba, na yeye ameshaizoea sheria hiyo kiasi kwamba hata kwenye mawazo yake ya mauaji hajiwekei fungu.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye kikao cha mirathi cha familia ya jirani yetu, siku chache baada ya mazishi. Kaka mkubwa wa marehemu akasoma majina ya watoto: watano. Kulikuwa na kijana mmoja ambaye kwa siku tatu za msiba alichota maji, akafunga turubai, akapanga viti na kuviondoa. Alikuwa amesimama mlangoni. Paji la uso lilikuwa la marehemu, na kila aliyekuwa mle ndani alikuwa analiona. Shangazi mmoja, mtu mzima sana, akasema polepole, "Kaka, umewahesabu wote?" Kaka mkubwa akajibu, "Dada, tusifungue ya kufungua." Kikao kikaendelea na habari za viwanja. Nilipoinua macho tena, mlangoni hapakuwa na mtu. Tangu siku hiyo siwezi kusoma habari za Smerdyakov nikamwona ni mpishi tu.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tumelelewa na mpelelezi Bwana Msa. Tangu Muhammed Said Abdulla aliposhinda shindano la uandishi la 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa 1960, tumezoea kwamba mwishoni mwenye kiko atakaa chini, atawasha, na kwa akili yake atapanga mambo mpaka kila mtu aone jinsi yalivyokuwa. Katika Ndugu Karamazov hakuna Bwana Msa. Kuna mpelelezi mwenye bidii, kuna mwendesha mashtaka mwenye elimu ya nafsi za watu, kuna madaktari watatu wanaopingana mahakamani, kuna wakili maarufu kutoka St. Petersburg. Wote ni watu wenye akili. Wote wana ushahidi mkononi: mchi wenye damu, barua aliyoiandika Dmitri akiwa amelewa akitishia kumuua baba yake, fedha alizotapanya usiku uleule kwa shampeni na muziki. Grigory, ambaye Dmitri alimpiga kwa ule mchi pale uani akikimbia, anaapa kwamba aliuona mlango wa bustanini uko wazi. Haukuwa wazi. Mzee yule mwaminifu, asiyejua kusema uongo, amekosea kwa dhati, na kosa lake ndilo linalofunga kamba.

Usiku wa mauaji Smerdyakov alikuwa amelala akidaiwa kuwa na kifafa. Aliigiza. Alipoona Dmitri ametoroka bila kuua, aliinuka, akagonga dirishani kwa ishara ya siri ambayo mzee alimfundisha ya kumjulisha Grushenka amefika, akafunguliwa, akamponda kichwani kwa chuma kizito cha kukandamizia karatasi kilichokuwa mezani. Fedha akazificha. Haya yote anamwambia Ivan katika ziara ya tatu, jioni ya kuamkia siku ya kesi. Anavuta noti kutoka kwenye soksi yake ndefu, anaziweka mezani, anazifunika kwa kitabu cha mtakatifu Isaka wa Shamu, na kumwambia kwamba muuaji hasa ni wewe, mimi nilikuwa mkono wako tu.

Ivan alikuwa amefanya nini? Aliondoka. Hilo tu. Smerdyakov alimdokeza getini kwamba mambo yataharibika endapo yeye atakuwa mbali, akamshauri aende Chermashnya, kijiji ambako baba yake alitaka akauze msitu. Asubuhi, akiwa tayari ndani ya gari, Ivan akatamka, bila kujua kwa nini, kwamba anakwenda Chermashnya. Smerdyakov akamtazama kwa jicho lenye maana. Njiani Ivan akabadili mawazo akashika treni ya Moscow, na alipokuwa ndani ya behewa akajiita mtu wa kudharauliwa. Alikuwa amejua na hakutaka kujua kwamba anajua.

Jina hilo la Chermashnya halikutoka hewani. Baba yake Dostoevsky, Mikhail Andreevich, alikuwa daktari katika hospitali ya maskini mjini Moscow, ambako Fyodor alizaliwa mwaka 1821. Miaka ya 1830 alinunua mashamba mkoani Tula, na pamoja na mashamba wakulima wenyewe, kwa kuwa utwana haukuwa umefutwa. Kijiji kimoja kiliitwa Darovoye, cha pili Cheremoshnya. Mke akafa kwa kifua kikuu 1837. Daktari akahamia shamba, akazama katika pombe na ukali. Wanawe wakubwa walikuwa wameshapelekwa St. Petersburg, na Fyodor akaingia chuo cha wahandisi wa jeshi. Mei 1839 kijana alimwandikia baba akiomba fedha za chai, za viatu, za sanduku la vitabu; wenzake wanavyo, yeye hana. Baba aliyekuwa amebanwa na ukame akatuma. Mwezi uliofuata akakutwa amekufa porini, kati ya vijiji vyake viwili.

Madaktari waliandika kwamba ni kiharusi. Lakini ndani ya familia habari nyingine ikapita kutoka mdomo hadi sikio, kwamba wakulima wa Cheremoshnya walimzingira wakamuua, na kwamba jamaa walinyamaza kwa sababu za kiuchumi. Wakulima wakipelekwa Siberia, nani atalima shamba la yatima? Miaka ya 1970 mtafiti mmoja wa Kirusi alizichimbua nyaraka za uchunguzi na kutilia shaka habari ya mauaji. Ilionekana kwamba jirani mwenye tamaa ya ardhi alikuwa na mkono katika uvumi huo. Iwe alikufaje, mtoto wa miaka 17 alibaki na jambo ambalo halizungumzwi mezani, pamoja na ile barua yake ya mwisho ya kuomba viatu. Sigmund Freud aliandika mwaka 1928 kwamba kifo hicho ndicho kilichozaa kifafa cha Dostoevsky, kwa kuwa kijana alikuwa ametamani kwa siri baba afe. Wataalamu wa maisha yake wamempinga kwa tarehe na ushahidi, nami nawaamini wao zaidi. Lakini sihitaji Freud kuona kwamba miaka 40 baadaye mwandishi alipohitaji jina la mahali ambako mtoto anajidai kwenda ili asiwepo baba yake anapouawa, alichukua jina la kijiji kilichokuwa karibu na alipofia baba yake, akalibadili herufi chache tu.

Dmitri naye alikuwa na mtu halisi nyuma yake. Mwaka 1849 Dostoevsky alikamatwa kwa siasa, akasimamishwa uwanjani mbele ya bunduki, akasamehewa dakika za mwisho, akapelekwa gereza la Omsk huko Siberia kwa miaka minne ya kazi ngumu. Humo alimkuta luteni wa zamani aliyehukumiwa miaka 20 kwa kumuua baba yake ili arithi. Maiti ilikutwa baada ya mwezi mzima ndani ya mfereji uliofunikwa kwa mbao. Kichwa chenye mvi kilikuwa kimekatwa na kuwekwa pahala pake, na chini yake muuaji akatanguliza mto wa kulalia. Luteni huyo alikuwa mchangamfu, mwepesi, asiye na dalili ya majuto, na Dostoevsky alimwandika hivyohivyo katika kumbukumbu zake za gerezani. Kitabu kikiwa bado kinachapishwa, habari ikaja kutoka Siberia: hakuua. Alikuwa ametumikia miaka kumi bure. Mwandishi akaiingiza habari hiyo kwenye sura za baadaye za kitabu hichohicho. Mwaka 1874 akaandika kwenye daftari lake mpango wa tamthilia ya ndugu wawili wa Tobolsk, mmoja gerezani kwa kosa la mwenzake. Miaka mitano baadaye ndugu hao wakawa Karamazov, na wakazidi wawili.

Katika kesi ya Dmitri kuna shahidi ambaye wanaoichambua riwaya huwa wanampita haraka. Ni Herzenstube, daktari mzee Mjerumani. Anasimama kizimbani na kueleza kwamba alimwona Dmitri alipokuwa mdogo, ametelekezwa uani kwa baba yake, anakimbia pekupeku, suruali imeshikwa na kifungo kimoja. Akamhurumia, akamnunulia ratili moja ya njugu, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kumnunulia mtoto yule ratili ya njugu. Akamfundisha kwa Kijerumani kumtaja Mungu Baba na Mungu Mwana. Miaka 23 baadaye kijana mmoja akaingia ofisini kwake na kumkumbusha zile njugu, akashukuru. Daktari akalia, na Dmitri kizimbani akalia. Mtoto aliyesahauliwa na baba yake alilipata neno baba kwa mpita njia.

Wakili Fetyukovich analichukua jambo hilo na kulifikisha mbali. Anauliza mahakama kama kuzaa peke yake kunamfanya mtu awe baba. Anasema asiyelea, asiyependa, asiyemjua mwanawe, hana haki ya kulidai jina hilo, na kumuua mtu wa namna hiyo si kumuua baba. Watu wanapiga makofi, wanawake wanalia. Dostoevsky hampendi wakili huyu. Kichwa cha sura chenyewe kinamshtaki kwa kuchezea fikra. Mimi pia nahofia pale hoja yake inapoishia. Lakini mwanzo wake, kwamba ubaba ni kazi ya kila siku, siwezi kuukataa, na naamini mwandishi mwenyewe hakuweza. Asingeandika zile njugu.

Na hapo ndipo linapotokea jambo la ajabu. Katika hotuba hiyo ndefu, Fetyukovich ndiye mtu pekee katika kitabu kizima anayesema mbele ya umma kwamba Smerdyakov alijijua kuwa mtoto wa nje wa marehemu, kwamba aliwatazama watoto wa ndani ya ndoa wana kila kitu naye hana kitu, na kwamba hilo linaweza kumjaza mtu chuki. Hatimaye amehesabiwa. Lakini amehesabiwa kama mshukiwa, na amehesabiwa akiwa maiti. Usiku wa kuamkia kesi, baada ya Ivan kuondoka na zile fedha, alijinyonga kwenye msumari ukutani, akaacha karatasi akisema asilaumiwe mtu. Hakuandika kwamba Dmitri hana hatia. Raia 12 walioapishwa, makarani, wafanyabiashara na wakulima, wakatoka, wakarudi, wakasema ana hatia. Miaka 20 ya machimbo.

Dostoevsky alikuwa baba pia wakati akiyaandika haya. Mei 1878, akiwa anapanga riwaya, mwanawe Alyosha alifariki kabla hajatimiza miaka mitatu. Alikufa kwa kifafa, maradhi ya baba yake. Mwezi uliofuata mwandishi alisafiri na rafiki yake, mwanafalsafa Vladimir Solovyov, hadi monasteri ya Optina, akazungumza na mzee wa kiroho Amvrosy, akarudi kuandika. Sasa tazama alivyogawa. Jina la mwanawe alimpa mdogo wa ndugu, yule mwema. Maradhi yaliyomuua mwanawe alimpa Smerdyakov. Na jina lake mwenyewe, Fyodor, akampa yule mzee mlevi aliyesahau hadi mama wa watoto wake: mezani akinywa konyaki, Fyodor Pavlovich anamsimulia Alyosha habari za mama yake kisha anamgeukia Ivan kana kwamba Ivan ni mtoto wa mwanamke mwingine. Ivan anamkumbusha kwa hasira na dharau kwamba mama ni mmoja. Mwandishi asiyejihukumu asingeligawa jina lake hivyo.

Pembeni mwa kesi yote hii kuna baba mwingine. Kapteni Snegiryov amefukuzwa jeshini, ni mlevi, ni fukara, ana mke mgonjwa wa akili na binti mwenye kibiongo. Dmitri, katika hasira zake, alimvuta ndevu barabarani mbele ya wanafunzi, na mtoto wa kapteni, Ilyusha, mwenye miaka tisa hivi, akakimbia akiushika mkono wa Dmitri na kuubusu, akimwombea baba yake. Shuleni wenzake wakamcheka baba. Ilyusha akawarushia mawe darasa zima, peke yake. Hakuna kitu ambacho kapteni huyu amempa mwanawe kinachoweza kuandikwa kwenye karatasi ya mirathi, na bado mtoto yuko tayari kupigana na mji.

Ilyusha anakufa kwa kifua. Alikuwa amemwomba baba yake ampukutishie makombo ya mkate juu ya kaburi, ili shomoro washuke, asijione yuko peke yake. Siku ya mazishi kapteni anaanza kuhangaika njiani kwamba mkate umesahauliwa; vijana wanamwonyesha kwamba yeye mwenyewe aliutia mfukoni. Anaumega juu ya udongo mbichi, anawaita shomoro kwa sauti. Kisha anageuka mbio kurudi nyumbani, anaingia chumbani, na pembeni mwa kitanda anaviona viatu vya Ilyusha, vimezeeka, vimekakamaa, vina viraka, mwenye nyumba ameviweka sambamba alipokuwa akifagia. Anapiga magoti, anakishika kimoja, anakibusu, na kuanza kuuliza miguu iko wapi.